Mitchum aliimba kalipso, Sparrow alipewa dola 40

Wale wenye kupenda sinema za zamani wanamjua Robert Mitchum. Mtu mrefu, kifua kipana, macho ya usingizi kama mtu aliyetoka ku poste ya usiku sasa hivi. Mu filme zake anabeba bunduki, anavuta sigara, anasema maneno machache. Mu 1955 aliigiza muhubiri muovu mu «The Night of the Hunter», na mpaka leo ile sura inaogopesha watu. Basi huyu huyu Mitchum njo alitoa disiki nzima ya muziki wa visiwa vya Karibe mu 1957. Jina lake: «Calypso – is like so...». Nyimbo 12, zote za kalipso ao za ukoo wake. Ku kifuniko tunamuona amekaa ku meza na kinywaji chake, mwanamke mmoja nyuma yake.

Mara ya kwanza nilisikia ile disiki ilikuwa kwa rafiki yangu mmoja, delege wa sendika kama mimi, siku ya yenga kisha chakula. Aliweka wimbo mu telefone yake pashipo kunieleza kitu. Akaniuliza: «Yaya, unazania huyu ni mutu ya wapi?» Nikajibu: mtu wa visiwa, labda mvuvi, labda mbeba mizigo wa bandari. Akacheka mpaka machozi. «Ni Mitchum! Ule wa bunduki!»

Nami nikacheka. Lakini kisha kucheka nikaanza kutafuta habari zake, na pole pole kicheko kikaisha. Sababu mu ile disiki kuna maulizo ambayo sisi watu wa kazi tunaulizana kila mwezi ku siku ya mshahara: nani alifanya kazi, na nani alilipwa?

Mtoto wa mfanyakazi wa reli

Mitchum alizaliwa tarehe 6 Agosti 1917 mu mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa anafanya kazi ya reli. Mu mwezi wa pili wa 1919, ku kiwanja cha treni cha Charleston, South Carolina, alipondwa kazini akakufa. Mtoto alikuwa hajafikisha miaka miwili. Wenye kufanya sendika wanajua habari kama hii: mtu anatoka asubui na gamela yake ya chakula, jioni wanaleta habari tu.

Wakati wa shida kubwa ya miaka ya 1930, kijana Mitchum alipanda treni za mizigo bila tikiti, akatembea Marekani akitafuta kazi. Alichimba mifereji mu kazi za serikali. Alipiga ngumi kwa pesa. Wakati wa vita ya pili alisimama ku mashine mu kiwanda cha ndege cha Lockheed, na ile kazi ilimchosha mpaka macho yake yakaanza kushindwa kuona. Aliacha, akaingia sinema. Mu 1948 polisi ilimkamata na bangi, akafungwa boloko mwaka uliofuata. Watu wengi walizani kazi yake imekwisha. Alitoka, akaendelea, na filme zake zikajaza watu kama mbele.

Sisi Wakongomani tuna kitu kidogo na huyu mtu. Mu 1953 aliigiza mu filme «White Witch Doctor», pamoja na Susan Hayward. Ni hadithi ya Kongo ya wakati wa Wabelgiji, mwaka wa 1907. Lakini Kongo ya ile filme ilitengenezwa zaidi ku studio za Hollywood. Watu wetu mule ndani ni kama miti: wanapita nyuma ya wazungu wawili wenye kupendana. Mitchum alichukua mshahara wake.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: sasa kwa nini ku Karibe alisikiliza?

Tobago, mwaka wa 1956

Jibu ni kwamba safari hii alifika. Mu 1956 alienda Trinidad na Tobago, visiwa viwili karibu na Venezuela, wakati ule bado koloni la Waingereza. Alicheza filme mbili kule, mmoja kisha mwengine. Ya kwanza ni «Fire Down Below», pamoja na Rita Hayworth na Jack Lemmon. Ni habari ya wanaume wawili wenye mashua, wenye kupitisha magendo na kugombania mwanamke. Kuelekea mwisho, mmoja wao anabanwa na vyuma ndani ya meli inayowaka moto, na wenzake wanashindwa kumtoa. Mchimbaji yeyote akiangalia pale atakaa kimya.

Filme ya pili ni «Heaven Knows, Mr. Allison», ya John Huston. Mitchum ni askari wa Marekani, Deborah Kerr ni mtawa wa Katoliki, wote wawili peke yao ku kisiwa cha bahari ya Pasifiki wakati wa vita ya Wajapani. Lakini ile Pasifiki ni Tobago.

Kazi ya sinema ni kungojea. Unangojea jua, unangojea mashine, unangojea mukubwa aseme. Na kule Trinidad, mtu mwenye kungojea anasikia muziki. Anasikia orkestre za mapipa ya mafuta: wale watu walichukua mapipa matupu ya petroli, wakayapiga nyundo mpaka kila mahali pa chuma pakatoa sauti yake. Anasikia pia waimbaji wa kalipso, mmoja mmoja, na gita yake na ulimi mkali. Mitchum alikuwa na sikio zuri la kushika namna watu wanavyosema. Ku kazi yake ya sinema alishika lafuzi nyingi, ya Waairlandi, ya Waustralia. Kule akashika ya Trinidad.

Waimbaji waliojiita wafalme

Kwa msomaji ambaye haijui kalipso, nieleze kidogo. Ni muziki wa watu waliotolewa Afrika kwa utumwa, ukapita mu Kifaransa cha visiwani, kisha mu Kiingereza. Na kisha biashara ya watumwa kukatazwa, Waingereza walikamata meli zilizoendelea kuifanya, wakashusha mu Trinidad watu wengine tena, na katikati yao walikuwa watu wa Kongo. Wimbo unatungwa kwa ajili ya Karnavali, siku mbili mbele ya Jumatano ya Majivu. Miezi ile waimbaji wanaimba mu mahema, watu wanalipa kuingia, na kila mwaka sherti wimbo mupya.

Wale waimbaji walikuwa watu maskini, lakini angalia majina waliyojipa: Roaring Lion, ni kusema Simba Mwenye Kunguruma. King Radio. Lord Invader. Lord Melody. Attila the Hun. Wote ni simba, wafalme na mabwana wakubwa, na wengi wao hawana hata nyumba. Sisi hatuwezi kuwacheka, kwani hapa kwetu Tabu Ley alikuwa Seigneur Rochereau, na Kabasele alikuwa Grand Kallé.

Kalipso ilikuwa gazeti la mtu asiyeweza kununua gazeti. Mu mwezi wa sita wa 1937, wafanyakazi wa visima vya petroli vya Trinidad walisimamisha kazi juu ya mshahara mdogo na bei za vitu zilizopanda. Mkubwa wao alikuwa Uriah Butler. Polisi ilipotaka kumkamata ku Fyzabad, watu walikataa, mapigano yakaanza, na watu walikufa pande zote mbili. Kisha pale ikazaliwa sendika ya wafanyakazi wa petroli, ambayo iko mpaka leo, na tarehe 19 ya mwezi wa sita ni siku ya wafanyakazi mu ile nchi. Serikali ya Uingereza ilituma tume kuchunguza. Tume ilipotoa ripoti yake, Attila the Hun akaichukua, akaiweka mu wimbo, akaonyesha wapi imewapendelea wakubwa. Wakati ule serikali ya koloni ilikuwa inapekua maneno ya nyimbo, na disiki zingine zilikatazwa kuingia.

Nikisoma ile habari ninawaza Desemba 1941 hapa Élisabethville, wafanyakazi wa mine waliopigwa risasi ku kiwanja cha mpira juu ya kuomba mshahara. Ni miaka mine na nusu kati ya Fyzabad na sisi. Bahari ni kubwa, lakini maulizo yalikuwa yale yale.

Mwaka wa kichaa cha kalipso

Turudi kwa Mitchum. Kampani ya Capitol haikumpeleka studio juu ya upendo wa Trinidad. Ilikuwa biashara. Mu 1956 Harry Belafonte, kijana aliyezaliwa New York, wazazi wake watu wa Jamaika, alitoa disiki «Calypso». Ile disiki ilikaa ya kwanza ku liste ya Marekani kwa juma 31. Ndani yake kuna ule wimbo wa ndizi ambao hata bibi zetu wanaujua, «Day-O».

Wengi wanacheza ule wimbo pashipo kujua unasema nini. Ni wimbo wa kazi wa Jamaika. Wabeba mizigo wamepakia ndizi mu meli usiku mzima, kumekucha, wanamwita karani mwenye kuhesabu aje ahesabu mikungu yao, wapate kwenda kulala. Mwenye amefika ku depo ya madini ya Kolwezi, akasimama na mifuko yake mbele ya mizani akingojea mnunuzi aseme ni kilo ngapi, huyo ameuelewa wimbo mbele ya kusikia hata neno moja.

Wakubwa wa disiki waliona pesa. Mwaka wa 1957 kila mtu Marekani alitaka kalipso. Mabara ya usiku yalibadilisha majina na kuweka minazi ya karatasi. Sinema zilitengenezwa haraka haraka. Maya Angelou, yule mama aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa, wakati ule alikuwa anaimba mu mabara, naye akatoa disiki ya kalipso mwaka ule. Kulikuwa magazeti yaliyoandika kwamba kalipso itaua rock'n'roll. Mbele ya mwaka kuisha, kile kichaa kilikuwa kimepoa, na rock'n'roll ikaendelea na safari yake.

Ni mu ile mvua njo Mitchum alitoa ndoo yake. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho wengi walikosa. Belafonte aliimba vizuri, sauti safi, maneno yanasikika kwa kila mtu wa Marekani. Waimbaji wa Trinidad wenyewe walilalamika kwamba ile si kalipso yao, na Belafonte hakukataa kwamba anaimba nyimbo za watu wa visiwa kwa namna yake. Mitchum, yeye hakusafisha kitu. Aliimba kama alivyosikia: lafuzi ile ile, maneno yanachelewa kidogo nyuma ya ngoma, utani unatupwa pembeni kama mtu anayesema na rafiki ku nganda. Alichagua nyimbo za kule kule. «Matilda», ambayo King Radio aliiimba tangu miaka ya 1930. «Mama, Looka Boo Boo», ambayo ni ya Lord Melody, juu ya baba mwenye sura mbaya ambaye watoto wake wanamkimbia. Na ya kwanza kabisa ku disiki, «Jean and Dinah», ya Mighty Sparrow.

Hapa tusimame.

Yankee ameenda, Yankee anaimba

Mighty Sparrow, jina lake la kuzaliwa Slinger Francisco, alizaliwa 1935 ku kisiwa cha Grenada, wazazi wakampeleka Trinidad akiwa mtoto mchanga. Mu Karnavali ya 1956 alikuwa na miaka 20. Alisimama na «Jean and Dinah», akashinda taji la mfalme wa kalipso, na mu barabara watu walicheza ule wimbo kuliko nyimbo zote.

Wimbo unasema nini? Wakati wa vita ya pili, Waingereza waliwapa Wamarekani mahali pa kujenga kambi za askari mu Trinidad, pa Chaguaramas na pengine. Kuanzia 1941 dola zikaingia. Watu waliacha mashamba ya miwa kwenda kujenga barabara na vituo vya meli, kwa sababu Mmarekani alilipa zaidi. Na ku mulango wa kambi, basoda wakiwa na pesa, kukawa na wanawake wa ndumba. Vijana wa Trinidad walikuwa wanawaangalia tu, hawana bei ile. Vita ikaisha, askari wengi wakarudi kwao, dola zikakauka. Sparrow anaimba kwa furaha ya kulipiza: Yankee ameenda, sasa wale wanawake sherti wakubali kile kidogo tulicho nacho, sisi njo wenye mji.

Basi ona: wimbo wa kushangilia Mmarekani ameenda, unaimbwa na Mmarekani. Vedeti wa Hollywood, mwenye dola, amekaa studio anaimba kwamba watu wa dola wamekwisha. Nilipoelewa hilo nilicheka tena, lakini kicheko cha namna nyingine. Mitchum hakubadilisha ile maana, na mtu mwenye akili kama yake alijua anaimba nini.

Niseme pia kitu ambacho wanaume hatupendi kusema. Ule wimbo ni mutamu, lakini ni mkali sana kwa wanawake. Jean na Dinah na wenzao, wao nao walipoteza kazi siku kambi ilipopunguza watu. Kiwanda kikifungwa, fundi anapoteza, na mama mwenye kuuza mikate ku mulango wa kiwanda naye anapoteza, na msichana wa bara naye. Tumeona mu Katanga hapa wakati kazi zilipoanguka. Sparrow aliwaona wale wanawake kama adui walioshindwa. Mimi, ningemuambia: mdogo wangu, wale pia ni watu wa mshahara uliokatika.

Dola 40

Sasa tunafika ku mambo ya pesa. Ule ushindi wa 1956, Sparrow alipewa nini? Dola 40. Si dola za Marekani, ni dola za visiwani, zenye thamani ndogo zaidi. Mu Karnavali ile ile kulikuwa pia mashindano ya malkia wa uzuri, ambamo wasichana wa familia za juu, wa ngozi nyeupe nyeupe, walikuwa wanapewa zawadi kubwa mara nyingi kuliko mfalme wa kalipso. Mwenye kutunga wimbo ambao nchi nzima inaucheza, dola 40. Mwenye kutembea amevaa vizuri, zawadi ya kubeba kwa gari.

Kijana wa miaka 21 angeweza kunung'unika nyumbani. Sparrow alifanya kile ambacho sisi tunaita kwa jina lake: grevi. Mu 1957 alikataa kuingia mu mashindano, akawavuta waimbaji wengine pamoja naye, na akatunga wimbo, «Carnival Boycott», wa kueleza kwa nini. Ni kusema alisimamisha kazi na akaandika trakti yake kwa mziki. Hakuwa na sendika nyuma yake, wala pesa za kukaa bila kazi. Alikuwa na kitu kimoja tu: watu walitaka kumsikia yeye, si mwengine.

Mwaka ule ule serikali mupya ya Eric Williams iliunda kamati ya kusimamia Karnavali, na zawadi za waimbaji zikaanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Sparrow hakurudi haraka. Alikaa inje ya mashindano mpaka 1960, akarudi, akashinda tena, na tena mu 1962 na 1963. Kwa maisha yake yote alipata lile taji mara nane.

Na ni mwaka huo huo wa grevi, 1957, njo sauti ya Mitchum ikiimba «Jean and Dinah» ilikuwa inauzwa mu maduka ya Marekani. Mwenye wimbo yuko inje ya hema anagombania zawadi ya haki. Wimbo wake unasafiri peke yake, umepanda ndege ya mtu mwengine. Sisi tunajua njia kama hiyo. Kobalti yetu inasafiri vizuri kuliko sisi.

Karatasi ya Lord Invader

Msomaji atasema: sasa Mitchum ni mwizi? Mbele ya kujibu, tuangalie mwizi wa kweli, tupate kupima.

Wakati wa vita, Lord Invader alikuwa na wimbo «Rum and Coca-Cola», nao pia juu ya basoda wa Marekani na dola zao na wasichana wa Trinidad. Mu 1943 mchekeshaji mmoja wa Marekani, Morey Amsterdam, alifika Trinidad kuchekesha askari. Aliporudi kwao, ule wimbo ukatokea na jina lake kama mtungaji. Mu 1945 dada watatu wanaoitwa Andrews Sisters waliuuza kwa mamilioni. Invader akasikia wimbo wake ku redio kama wimbo wa mwengine.

Lakini Invader hakuwa peke yake, na hakuwa mikono mitupu. Mu 1943 mchapaji mmoja wa Trinidad alikuwa ametoa kitabu kidogo cha nyimbo za mwaka, maneno ya Invader ndani yake, na alikuwa ameiandikisha haki ya kitabu ku serikali. Kitabu cha bei ya chini, cha kuuzwa ku Karnavali. Ile karatasi njo ilisafiri mpaka tribinali ya New York, na mu 1947 juji akasema: maneno yalichukuliwa. Kesi ingine juu ya sauti ya wimbo, ambayo ilikuwa ya mwalimu wa muziki Lionel Belasco, nayo ilishinda. Ilichukua miaka, ilihitaji maavoka, na Invader alisafiri mwenyewe kwenda kutoa ushuhuda. Lakini alishinda, mtu wa kisiwa kidogo cha koloni, ku tribinali ya wenye nguvu.

Kila mara delege mpya anapoingia mu sendika yetu, tunamwambia: usikasirike tu, weka karatasi. Tarehe, jina, saini. Hasira inapoa, karatasi inabaki. Invader ni ushuhuda.

Sasa, Mitchum?

Hapana, Mitchum hakufanya kama Amsterdam. «Jean and Dinah» ilijulikana ni ya Sparrow, na yeye hakujifanya ameitunga. Alisikiliza, alipenda, alijifunza lafuzi kwa uvumilivu ambao wageni wengi hawana. Kuna watu wanaosema kuiga lafuzi ya mtu ni kumcheka. Ninaelewa. Tumeona mzungu mwenye kushika Kiswahili ya kambi vizuri sana, anapiga mizaha kama sisi, anakunywa na sisi, watu wanampenda. Ni kitu kizuri, nisiseme uongo. Ni bora kuliko yule anayekaa miaka kumi na hajui hata «jambo». Lakini kisha mizaha, siku ya kujadili mshahara, tunamuona amekaa upande gani wa meza. Lafuzi nzuri haijaza sufuria.

Kwa hiyo mimi ninampima Mitchum namna hii. Ku sikio, ninampa alama nyingi. Mu 1953 alicheza Kongo ambayo hakuiona. Mu 1957 aliimba Trinidad ambayo alikuwa amekaa ndani yake, na tofauti inasikika. Ku maulizo ya pesa, simpigi yeye peke yake. Mwimbaji wa disiki si mwenye kampani. Mfumo mzima ulikuwa umepangwa hivi: wimbo unazaliwa kwa maskini kwa dola 40, na bei yake inapanda kila unapovuka mpaka, na yule aliyeuzaa anabaki nyuma ya mpaka. Kile kilichobadilisha si huruma ya vedeti. Ni kijana aliyekataa kupanda ku jukwaa, na kitabu kidogo kilichoandikishwa mbele.

Hapa Katanga tuna Mwenda Jean Bosco. Mu 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi gita yake, na «Masanga» ikavuka mipaka. Mpaka leo kuna wazungu Ulaya wanaojifunza vidole vyake moja kwa moja. Ni utukufu wetu. Lakini vijana wanaoimba leo mu Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, wenye kutupa wimbo mu telefone usiku na asubui wanaukuta ku gari la matangazo la mwengine, wasingojee utukufu. Wajiandikishe ku SOCODA, waandike tarehe, waweke maneno ku karatasi, na wakatae pamoja wakati wa kukataa. Mtu mmoja akikataa wanamubadilisha. Sparrow alijua hilo, njo maana aliwavuta wenzake.

Disiki ya Mitchum ilirudishwa ku soko kwa CD mu miaka ya 1990, mu zamani ambapo watu walianza kupenda vitu vya ajabu vya 1950. Yeye alikufa tarehe 1 Julai 1997. Wengi wanaisikiliza kwa kucheka, na hakuna ubaya. Mimi ninawaomba kitu kimoja tu. Mukipata «Jean and Dinah» ya Mitchum, musikilize mpaka mwisho, ni tamu. Kisha mutafute ya Sparrow mwenyewe, ya 1956. Na kisha ile, mutafute «Carnival Boycott». Mukizisikiliza tatu zote kwa utaratibu huo, mutakuwa mumesikia habari yote.